Tahariri: Shoka la Zama Zetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai hutangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, na katika misikiti yetu mingi hupokelewa habari njema. Kijana fulani, mtoto wa mjane, amefaulu. Jamaa humpongeza, imamu humwombea dua baada ya sala, na furaha hukaa siku mbili tatu. Kisha vyuo hufunguliwa, na kijana yule yule bado yumo mtaani, anaendesha bodaboda ya mtu au anauza maji kituo cha mabasi. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwa sauti ya chini kwamba mambo hayakukaa sawa. Katika toleo hili tumeona ni wajibu wetu kuyazungumza hayo mambo yasiyokaa sawa. Mengi kati yake si makubwa, na yamo ndani ya uwezo wa msikiti mmoja wenye waumini wa kawaida.

Tuanze na mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa na Abu Daud kwamba mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume kuomba. Mtume hakumfukuza, wala hakumpa sadaka ya siku moja akamwacha aende zake. Alimuuliza ana nini nyumbani. Yule mtu akasema hana ila nguo moja nzito, upande wanajifunika na upande wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya masahaba, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akamwamuru dirhamu moja anunulie chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni na kuziuza, na asionekane kwa siku kumi na tano. Zilipotimia, yule mtu alirudi akiwa na dirhamu kumi.

Ndugu zetu, katika kisa hiki mna mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba Uislamu haumtaki masikini adumu katika umasikini wake huku wenzake wakijipatia thawabu kwa kumpa makombo. La pili ni kwamba msaada ulio bora ni ule unaompa mtu chombo cha kujitegemea. La tatu, ambalo wengi wetu hulisahau, ni kwamba kabla ya shoka palitangulia chakula. Mtume (s.a.w.) alijua kwamba mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kukaa porini kukata kuni kwa utulivu. Chombo na riziki ya kumvusha mtu mpaka chombo kianze kuzaa, vyote viwili vilitolewa pamoja.

Shoka la zama zetu ni elimu, na hasa elimu ya juu. Hatusemi hivyo kwa kudharau kazi ya mikono, kwani kazi ya mikono ina heshima yake katika dini. Tunasema hivyo kwa kuwa tunaona wenyewe yanayotokea katika nyumba zetu. Nyumba ambayo baba ni kibarua na mama anauza vitumbua, akitoka humo mtoto mmoja akawa muuguzi, mwalimu, mhasibu au mhandisi, haibadiliki kwa mshahara wake tu. Wadogo zake hawaachi tena shule kwa kukosa sare na daftari. Mama akiugua, yupo ajuaye aende hospitali ipi na aulize nini. Ukija mkataba wa kiwanja, yupo anayeusoma kabla ya kuutia saini. Na watoto watakaozaliwa na huyo mmoja hawaanzi maisha pale alipoanzia babu yao. Umasikini wa kurithishana hukatika kwa namna hiyo, na mara nyingi hukatika kwa mtu mmoja.

Ni vyema tukumbushane tulikotoka. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilianza Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kwa miaka mingi baada ya hapo serikali ilibeba gharama za waliochaguliwa, lakini nafasi zilikuwa chache mno. Katika miaka ya 1990 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama, na vyuo navyo vikaanza kuongezeka. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Zanzibar kikafunguliwa Tunguu mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kikaanza mwaka 2005. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Kwa upande wa Tanzania Bara, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita ikaondolewa mwaka 2022.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kizuizi kimehama. Wazee wetu walizuiwa na uchache wa nafasi. Kaka na dada zetu walizuiwa na ada. Mtoto wa leo anaweza kufika kidato cha sita bila ya kudaiwa ada, akafaulu, akapata nafasi ya chuo, na bado asifike. Anaangukia katika kijia kifupi kilichopo baina ya matokeo ya Julai na mlango wa darasa la chuo. Humo ndimo tunamowapoteza vijana wetu, na humo ndimo tunamotaka waumini watazame.

Jambo la kwanza linalowakwamisha ni karatasi. Bodi ya Mikopo huwatazama kwa namna ya pekee mayatima na watoto wa familia duni, lakini hutaka ushahidi. Yatima hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi wake kilichohakikiwa na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa walioko huko. Sasa tujiulize, ni marehemu wangapi tuliowazika kwa mikono yetu ambao vifo vyao vimesajiliwa? Sisi Waislamu tunaharakisha kumzika maiti, na hiyo ni sunna njema. Lakini tukishatoka makaburini hatukumbuki tena kwamba kifo nacho kina cheti. Baba anafia kijijini na kuzikwa alasiri ile ile, na miaka kumi na mitano baadaye mwanawe anaambiwa athibitishe kuwa ni yatima, naye hana hata kipande cha karatasi. Mtaa mzima unajua kuwa baba yake alikufa, lakini Bodi iliyo mbali haiwezi kujua.

Katika mlango huo huo wa karatasi limo suala la majina. Mtoto ameandikwa Athumani katika cheti cha kuzaliwa, Othman katika cheti cha kidato cha nne. Mama ni Hadija hapa na Khadija kule. Yupo aliyeandikishwa shule kwa jina la mjomba aliyemlea. Kwetu sisi hayo ni majina yale yale, lakini kwa mwenye kuhakiki nyaraka hao ni watu wawili. Kijana hulazimika kutafuta hati ya kiapo, kusafiri kwenda ofisi za wilaya na kusubiri, huku siku za maombi zikihesabiwa.

Jambo la pili ni muda. Maombi ya chuo hupelekwa moja kwa moja katika chuo husika kwa njia ya mtandao, na ya mkopo hupelekwa Bodi kwa njia hiyo hiyo. Kila ombi lina siku yake ya kufungwa. Aliyepata nafasi katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa, la sivyo nafasi humponyoka. Mtoto wa mwenye uwezo ana kaka aliyepita njia hiyo, ana simu nzuri na mtu wa kumuuliza. Mtoto wa masikini hutegemea kibanda cha intaneti, ambako mtu asiyemjua humjazia fomu harakaharaka kwa shilingi elfu chache. Kosa moja katika fomu hiyo huweza kumgharimu mwaka mzima.

Jambo la tatu ni wiki za mwanzo. Hata aliyepangiwa mkopo hapewi fedha akiwa nyumbani. Ni lazima kwanza afike chuoni, asajiliwe, na atie saini ndipo fedha zitoke. Wanafunzi wenyewe huziita fedha hizo "bumu". Posho ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na ikapandishwa kuwa shilingi 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini haimsaidii yule aliyeshindwa kufika kuipokea. Nauli ya kutoka Tandahimba, Ujiji au Micheweni, bima ya afya, michango ya usajili, godoro, na chakula cha siku za kusubiri, vyote hivyo hutakiwa kabla. Aidha, mkopo hutolewa kwa kiwango kinachopimwa kwa hali ya mwombaji, hivyo wapo wanaopata sehemu tu ya ada, na sehemu iliyobaki huwashinda. Na ada ya mwaka kwa masomo mengi ya shahada huanzia kwenye milioni moja hivi na kupanda. Huyu ndiye mtu aliyeelekezwa porini akakate kuni bila ya kununuliwa kwanza chakula.

Lipo na jambo la nne, nalo ni shaka ya kidini juu ya mkopo wenyewe. Wapo vijana wema walioacha mkopo kwa kuogopa riba, na hofu ya kumuasi Mwenyezi Mungu haistahiki kudharauliwa. Kilichowatia wengi mashaka kilikuwa ile tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni. Tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa, iliondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo anayewakataza vijana leo kwa hoja ya tozo ile anazungumzia jambo lililokwisha kuondoka. Mwenye shaka juu ya masharti yaliyobaki na auchukue mkataba wenyewe, ampelekee mwanachuoni anayeaminika, wausome pamoja mstari kwa mstari. Fatwa haijengwi juu ya uvumi. Na aliyekopa ajue kwamba deni ni amana. Mtume (s.a.w.) alipata kusita kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika kulilipa. Mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Anayekimbia deni hili anamzibia njia mtoto wa masikini mwingine anayekuja nyuma yake.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hiyo ni ya serikali, msikiti unahusika vipi? Tunamjibu kwa historia yetu wenyewe. Imamu Al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, alikuwa mtoto wa msokota nyuzi za sufu. Baba yake alipokaribia kufa alimkabidhi yeye na nduguye kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo ya kuwasomesha. Akiba ilipokwisha, rafiki huyo, ambaye naye alikuwa fukara, aliwashauri waingie madrasa, kwa kuwa huko mwanafunzi alipata riziki ya kumweka hai. Kwa njia hiyo yatima yule alisoma, na mwaka 1091 akawa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad. Laiti madrasa ile isingekuwa na chakula, umma huu ungelimkosa Al-Ghazali. Chakula kile kilitokana na mali ya wakfu, yaani mashamba, maduka na nyumba ambazo wenyewe walikwisha kuzitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, asili ikabaki na mapato yakatumika. Utaratibu huo una asili katika sunna, kwani Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaibar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Huko Azhari ya Misri nako wanafunzi wageni walikuwa na mabweni yao, na hata waliotoka Pembe ya Afrika walikuwa na lao.

Misikiti yetu mingi ina fremu za maduka zilizopangishwa. Mapato yake huenda kwenye umeme, maji, rangi na mazulia. Hayo ni mambo mema, lakini je, haiwezekani fremu moja tu ikatengwa iwe ya wanafunzi? Na pasipo na fremu, tupige hesabu nyepesi. Waumini 200 wakitoa shilingi 500 kila Ijumaa, hiyo ni shilingi 100,000 kwa wiki, na kwa Ijumaa 52 za mwaka ni shilingi 5,200,000. Kiasi hicho kinaweza kuwasafirisha, kuwasajili na kuwalisha kwa wiki za mwanzo vijana kadhaa, na bado kikaziba pengo la ada ya mmoja au wawili. Shilingi 500 haimfilisi mtu. Tena kuna zaka, na mafakiri na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba. Kijana masikini hatoki katika fungu hilo kwa sababu tu amefaulu mtihani.

Asituambie mtu kwamba Waislamu hawajui kuchangishana. Tunajua sana. Ikitangazwa harusi, kamati huundwa kwa usiku mmoja, ikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za mchango husambazwa, kundi la simu hufunguliwa, ahadi hufuatiliwa kwa majina, na katika wiki sita hupatikana mamilioni. Fedha hizo huishia kwenye ukumbi, mapambo, sare na chakula kinachobaki na kumwagwa. Na katika misiba yetu, mjane aliyefiwa juzi hukopa ili awalishe pilau watu waliokuja kumfariji. Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya kifo cha Ja'far (r.a.) aliagiza watu wa Ja'far ndio watengenezewe chakula, nasi tumeligeuza jambo hilo juu chini. Hatukatazi walima, kwani walima ni sunna. Tunachokikataza ni israfu. Kamati ile ile, daftari lile lile na bidii ile ile vikielekezwa kwa mwanafunzi, hatutamkosa wa kumpeleka chuo kila mwaka.

Zipo hoja nyingine tunazozisikia barazani, nazo tuzijibu kwa insafu.

Yupo anayesema kwamba wahitimu wamejaa mitaani bila kazi. Hilo ni kweli na hatulifichi. Shahada haimhakikishii mtu ajira, kama vile shoka halimhakikishii mtu kuni. Lakini dawa yake ni kuchagua vizuri. Kijana aulize kabla ya kuomba: waliosoma somo hili wanafanya kazi gani, na nchi ina upungufu wa watu gani? Wala asidhani kwamba njia ni moja. Stashahada ya afya au ya ufundi huweza kumfikisha mtu kwenye kazi mapema, kisha akaendelea na shahada akiwa na kipato chake. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kutoa mikopo hata kwa baadhi ya masomo ya stashahada. Na anayekwenda VETA akatoka fundi hodari naye ameshika shoka lake.

Yupo anayesema kwamba elimu ya vyuo ni ya wasioamini, na humharibu kijana. Tunamkumbusha mateka wa Badri. Wale waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kila mmoja awafundishe kuandika watoto kumi wa Ansari. Walimu hao walikuwa washirikina waliotoka vitani kumpiga Mtume mwenyewe, na bado elimu yao ilipokewa. Kinachomharibu kijana ni kumpeleka katika mji mgeni akiwa peke yake, bila ya msikiti unaomjua wala mzee wa kumuuliza hali yake.

Na yupo anayemsomesha kijana wa kiume na kumzuia binti. Huyu naye na azingatie kwamba Al-Qarawiyyin ya Fez, miongoni mwa vyuo vikongwe kabisa duniani, inasimuliwa katika historia kuwa ilianza kama msikiti uliojengwa mwaka 859 kwa urithi wa mwanamke, Fatima Al-Fihri. Mnataka wake zenu wahudumiwe na madaktari wanawake wakati wa kujifungua. Hao madaktari watatoka wapi ikiwa kila mmoja anasubiri binti wa jirani ndiye asome?

Wala tusiwakatie tamaa wale ambao alama zao si za juu. Mwaka 1930, hapo Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa kijarida chake cha As-Sahifa, na mwaka 1932 kikafuata Al-Islah. Kurasa hizo ni mama wa kurasa kama hizi zetu. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani waishike dini yao na pia waiendee elimu ya kisasa bila ya woga. Alifariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akamwacha mwanawe Ali akiwa na umri wa miaka 14. Ali huyo alipata daraja la tatu katika mtihani wa sekondari. Makerere haikumpokea, akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Baadaye ukapatikana ufadhili wa kumpeleka Uingereza. Alihitimu Manchester mwaka 1960, Columbia ya Marekani mwaka 1961, akapata udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966, na Makerere ile ile iliyomkataa ikampa uprofesa. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 akiwa anajulikana duniani kote. Akili yake ilikuwa ni ile ile siku alipokuwa karani. Kilichoongezeka ni mlango uliofunguliwa. Ni makarani wangapi wa namna hiyo wamo katika safu zetu za sala, na hakuna aliyewafungulia?

Kwa hiyo, ndugu Waislamu, tunaziomba kamati za misikiti zifanye mambo matano, na zianze mwezi huu bila ya kusubiri mfadhili kutoka nje.

Kwanza, liwepo daftari la wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa msikiti, wa kiume na wa kike, likionyesha nani ni yatima na nani hana mdhamini.

Pili, kamati inayosimamia mazishi ichukue jukumu la kuhakikisha kwamba kila kifo kinasajiliwa na cheti kinatolewa, na wazazi wa watoto wachanga wakumbushwe vyeti vya kuzaliwa siku ile ile ya akika. Majina yaandikwe kwa namna moja tangu mwanzo.

Tatu, wateuliwe vijana wawili au watatu waliokwisha kupita chuoni, wakae msikitini baada ya sala ya alasiri katika miezi ya maombi, wawasaidie wadogo zao kujaza fomu na kufuatilia tarehe. Kazi hii haihitaji fedha bali watu wa kujitolea.

Nne, uwepo mfuko wa safari na wiki za mwanzo, wenye hesabu inayosomwa hadharani kila baada ya miezi mitatu. Fedha ya wanafunzi ikiliwa na mtu mmoja, imani ya waumini huvunjika kwa miaka kumi.

Tano, mwanafunzi anapoondoka apewe barua ya kumtambulisha kwa msikiti ulio karibu na chuo chake, na imamu wa huko apigiwe simu. Naye mwanafunzi aahidi kwamba akipata kazi atamvusha mmoja wa nyuma yake.

Hayo hayashindi uwezo wetu. Mwezi wa Julai utarudi tena, na majina ya watoto wetu yatasomwa tena. Dua ya imamu baada ya sala ni neema kubwa, lakini Mtume wetu (s.a.w.) aliomba dua na akatia mpini kwa mkono wake pia. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na watoto wa msikiti ni katika tulivyokabidhiwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka mali zetu, azilainishe nyoyo zetu, awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awajaalie wawe nguzo za dini na za nchi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.